Zamu Haikufa, Mliizika Ikiwa Hai

Kuna sentensi moja imenichosha: "Vijana wa siku hizi hawana subira ya kungoja zamu." Inatoka kwa mabosi wa kampuni za gemu, inabebwa na wachambuzi wa vidio, halafu inafika hadi hapa mtaani kwa mdomo wa msee ambaye maishani mwake hajamaliza RPG hata moja. Wacha niseme mapema ndio tusipotezeane muda. Hiyo sentensi ni uongo, tena uongo uliotumia jina letu. Sisi ndio hao "vijana wa siku hizi." Nani alituuliza?

Kwa wale ambao PlayStation kwao ni mpira tu, maelezo ya haraka. RPG ni zile gemu za kuigiza mhusika: una kikosi, una hadithi ndefu, watu wako wanaanza wakiwa wanyonge na wanapanda levo kadiri wanavyopigana. Kupigana kwenyewe kuna namna mbili kubwa. Kuna pigano la zamu, ambapo gemu inakungoja: unaangalia adui, unachagua kushambulia, kutibu, kurusha uchawi au kutoroka, kisha naye anajibu. Na kuna pigano la papo kwa papo, ambapo hakuna anayekungoja, ukizubaa umeenda. Katikati kuna mchanganyiko wa kila aina.

Hadithi tunayouziwa ni kwamba zamu ilizaliwa na umaskini. Ati mashine za zamani zilikuwa dhaifu, hazingeweza kuonyesha watu wanne wakipigana kwa pamoja, kwa hivyo watengenezaji wakaweka menyu. Mashine zikapata nguvu, menyu ikakosa kazi, kama vile simu ya kubofya ilivyopisha ya kugusa. Inaingia akilini, sivyo? Shida ni kwamba haishikani na tarehe.

Super Mario Bros. ilitoka 1985 kwenye Famicom ya Nintendo. The Legend of Zelda ikafuata Februari 1986, na humo unakata maadui kwa upanga papo kwa papo. Miezi mitatu baadaye, Mei 1986, Yuji Horii na wenzake wakatoa Dragon Quest kwenye Famicom hiyohiyo, na wakachagua zamu. Walichagua. Upanga wa papo kwa papo ulikuwa tayari uko sokoni, wao wakataka kitu kingine: gemu ambayo hata mtu asiye na vidole vya kasi angeimaliza. Adui akikushinda, unarudi nyuma, unapanda levo mbili, unanunua ngao bora, unarudi kumtafuta. Na huko walikochota, kwenye Wizardry na Ultima, mizizi yake ni Dungeons & Dragons ya 1974, mchezo wa mezani wa karatasi, penseli na dadu. Karatasi haina prosesa. Zamu ilikuwepo kabla kompyuta haijaingia kwa hii hadithi, sasa udhaifu wa kompyuta umekuwaje sababu?

Sisi hapa tungepaswa kujua hilo kuliko mtu yeyote. Pita stage ya bodaboda saa nane mchana kazi ikiwa imelala. Drafti imechorwa kwa kadibodi, vifuniko vya soda ndio kete, na watu saba wamewasimamia wachezaji wawili wakibishana juu ya hatua ambayo hata haijachezwa. Ingia hosteli yoyote usiku, msee anatangaza "niko kadi" na meza nzima inageuka ghafla kuwa muungano wa kumkwamisha. Wazee wa Nyanza na ajua yao, wazee wa pwani na bao lao. Zote hizo ni zamu, na sijawahi kuona mtu akisinzia. Utamu hauko kwa kasi ya mkono. Uko kwa kile unachojua mwenzako anaweza kukufanyia na bado hajakufanyia. Halafu mtu ameketi ofisini Tokyo aniambie mimi siwezi kungoja.

Sasa twende kwa kesi yenyewe, maana huwezi kuzungumzia haya bila Final Fantasy. Gemu ya kwanza ya Hironobu Sakaguchi, 1987, ilikuwa ya zamu. Mwaka wa 1991, kwenye ya nne, Hiroyuki Ito akaleta wazo alilolipata kwa kutazama mbio za magari za Formula 1: kwa nini wote wapewe nafasi sawa wakati wengine wana kasi zaidi? Akatengeneza mfumo ambao kila mhusika anasubiri muda wake ujae, na mwepesi anajaza haraka. Bado ni zamu, lakini zamu yenye presha. Final Fantasy VII ya 1997, ile iliyofanya dunia nzima iijue RPG ya Kijapani, ilitumia huo mfumo.

Halafu 2001, Final Fantasy X ikafanya kitu ambacho hao watabiri wa kifo cha zamu hupenda kukiruka. Ilikuwa kwenye PlayStation 2, mashine yenye nguvu kuliko zote walizokuwa wametumia, na badala ya kukimbilia kasi ikarudi kwa zamu kamili. Pembeni mwa skrini kuna orodha ya nani anafuata. Ukitumia pigo zito, unaona jina lako likishuka chini ya orodha. Adui anaruka? Unamwingiza Wakka na mpira wake. Ana ganda gumu? Anaingia Auron. Ni mwepesi na msumbufu? Tidus. Ni wa kuyeyushwa kwa moto? Lulu. Unabadilisha mtu katikati ya pigano bila kupoteza zamu, na kila mtu kikosini ana siku yake. Kwangu hiyo bado ni mojawapo ya mifumo bora ya pigano iliyowahi kuundwa, na niko tayari kubishana hadi stima irudi.

Baada ya hapo safari ikageuka. Ya XII, 2006, ikaondoa mpaka kati ya kutembea na kupigana na kukuacha uwape wenzako maagizo mapema. Ya XIII, 2009, ikawa mbio za kubadilisha majukumu. Ya XV, 2016, ikawa papo kwa papo. Na ya XVI, Juni 2023, ikavunja daraja kabisa: mkuu wa mapigano ni Ryota Suzuki, aliyetoka Capcom ambako alifanyia kazi Devil May Cry 5. Mtayarishaji wake, Naoki Yoshida, alieleza kabla haijatoka kwamba kwa miaka kama kumi amekuwa akisikia watu, hasa vijana, wakisema hawaelewi utamu wa kuchagua amri kwenye menyu. Tena yeye mwenyewe amekua na menyu hizo na anazipenda. Simlaumu kama mtu. Nalaumu mantiki.

Kwa sababu angalia kilichotokea. XVI inapendeza machoni, mapigano ya yale majitu makubwa yatakufanya usimame kwa kiti. Lakini unamcheza Clive peke yake. Wenzake wako pale wanarusharusha vitu, wewe huna habari nao. Unaweza kumwamuru mbwa. Mbwa! RPG ambayo urithi wake ni kikosi, ambayo ilinifundisha kwamba mganga mnyonge ana thamani kuliko shujaa mwenye upanga, imekuwa hadithi ya mwanamume mmoja na mbwa wake.

Wiki sita baadaye, tarehe 3 Agosti 2023, Larian kutoka Ubelgiji wakatoa Baldur's Gate 3. Baldur's Gate mbili za kwanza, 1998 na 2000, zilikuwa za papo kwa papo zenye kitufe cha kusimamisha muda. Larian wakaingia kwa mlango wa nyuma: wakaichukua na kuifanya ya zamu. Zamu yenyewe, ile ya kurusha dadu na kuomba Mungu. Mwezi huohuo zaidi ya watu 800,000 walikuwa ndani yake kwa wakati mmoja kwenye Steam, na mwisho wa mwaka ikabeba tuzo ya gemu bora kwenye The Game Awards. Wale vijana wasio na subira walikuwa wapi? Walikuwa humo ndani, dakika kumi wanafikiria kama wamsukume goblini kutoka kwa daraja au wamrushie chupa.

Mtu ataniambia, "Lakini XVI iliuza milioni 3 wiki ya kwanza." Kweli. Na Elden Ring, 2022, iliuza milioni 12 kabla ya wiki tatu kuisha. Papo kwa papo inauza, hakuna aliyebisha, na Elden Ring ni gemu tamu sana. Swali halijawahi kuwa hilo. Swali ni kama zamu haiuzi. Pokémon Scarlet na Violet, zamu tupu, tena zikitoka na kasoro za kiufundi za kuaibisha, ziliuza milioni 10 kwa siku tatu, Novemba 2022. Metaphor: ReFantazio iligonga milioni moja siku ya kwanza, 2024. Mwaka huohuo Like a Dragon: Infinite Wealth ikafanya milioni moja kwa wiki.

Na hiyo familia ya Like a Dragon ndiyo napenda kuwatajia watu. Kwa miaka mingi, ikiitwa Yakuza, ilikuwa gemu ya ngumi: unamshika jambazi, unampiga na baiskeli. Aprili Mosi 2019 wakatoa vidio ya mzaha ikionyesha pigano la menyu na zamu. Januari 2020 gemu ikatoka Japani ikiwa ya zamu kweli. Shujaa wake, Ichiban Kasuga, ni shabiki wa Dragon Quest kiasi kwamba akipigana anawaona wahuni wa mtaa kama maadui wa gemu. Yaani wao walitembea kinyume kabisa na njia ya Final Fantasy, na hawakuanguka shimoni.

Tukiwa hapo, Dragon Age: The Veilguard, 2024, ilifanya alichofanya Final Fantasy. Ya kwanza, 2009, ulisimamisha muda ukapanga kikosi kizima. Kwenye hii mpya wenzako ni wawili na huwezi kumcheza yeyote kati yao. EA wenyewe wakasema iliwafikia watu karibu nusu ya waliotarajia. Sisemi pigano ndilo pekee lililoiangusha, ilikuwa na matatizo yake mengi. Nasema ule mkakati wa "ondoa kufikiri, watu watakuja" haukuwaleta watu.

Basi kwa nini waliikimbia zamu? Maoni yangu: trela. Trela ina sekunde 60, na zamu ndani ya sekunde 60 ni watu wamesimama mstari wakitazamana kama wanangoja matatu. Upanga unaowaka unauza dakika ileile. Kampuni inayotumia pesa za kutisha kwa grafiki inataka grafiki isonge. Yoshida mwenyewe aligusia kwamba picha ikishakuwa halisi sana, menyu inaonekana ya ajabu juu yake. Hiyo ni sababu ya kweli, tena ya kuheshimika. Semeni hiyo. Msiseme ni mimi.

Na hapa ndipo hasira yangu inapotoka, kwa sababu kubadilisha pigano ni kubadilisha nani anaruhusiwa kucheza. Ile gemu ya kukwepa upanga ndani ya sehemu ndogo ya sekunde inakuomba vitu ambavyo haikuandika kwa boksi. Inaomba mashine isiyokwama. Inaomba kontrola isiyo na kile kijiti kinachojisogeza chenyewe. Inaomba runinga isiyochelewesha picha. Ikiwa ni ya mtandaoni, inaomba seva iliyo karibu nawe, na unapofungua Genshin Impact unapewa Marekani, Ulaya au Asia uchague. Afrika haipo kwenye orodha. Wengi wetu tulionjea RPG kwenye simu, Pokémon ndani ya emuleta, skrini ina ufa, sauti imezimwa kwa sababu uko darasani. Ilichezeka. Ilichezeka kwa sababu gemu ilikuwa inangoja. Mama akiita, unaweka simu chini. Kondakta akidai nauli, unalipa, unarudi, adui bado amesimama pale kwa heshima zake.

Jaribu kufanya hivyo na Elden Ring.

Kuna pia watu ambao mikono yao haiwezi kasi, kwa ugonjwa, kwa ajali au kwa umri tu. Zamu haijawahi kuwauliza wana mikono ya aina gani. Inawauliza wanafikiria nini. Ukiitoa kwenye gemu kubwa za hadithi, umefungia watu hao hadithi yenyewe, si pigano peke yake.

Tena ukitaka ushahidi kwamba vijana wa simu wanapenda zamu, tazama HoYoverse. Hawa ndio walitoa Genshin mwaka wa 2020, papo kwa papo, na ikawa moto dunia nzima. Ni kampuni inayojua pesa za vijana ziko wapi kuliko wazazi wetu. Mwaka 2023 wakatoa gemu yao kubwa iliyofuata, Honkai: Star Rail. Ya zamu. Kama kizazi chetu hakiwezi kungoja, hao ndio wangekuwa wa kwanza kujua. (Ile biashara yao ya kupata wahusika kwa bahati nasibu ni ugomvi wa siku nyingine, na nitaufikia, msinikumbushe.)

Sasa, zamu nayo haikuwa malaika. Kuna sababu watu walichoka, na tukidanganyana hapa tutashindwa mbele. Unatembea hatua tano, skrini inapasuka, pigano. Hatua nne, pigano tena, na popo walewale. Unabonyeza "shambulia" mara mia bila kufikiri kwa sababu hakuna cha kufikiria. Ule uchawi wa Sephiroth mwishoni mwa VII unaharibu sayari moja baada ya nyingine kwa karibu dakika mbili, na akiamua kuurudia unatazama tena zote. Hapo hata mimi nilienda kuchemsha chai. Lakini huo ni uvivu wa kuunda, na dawa yake ipo. Persona 5 ilivunja menyu ndefu, kila amri ikapewa kitufe chake, na pigano likawa na mdundo. Metaphor inakuruhusu kumfyeka adui mnyonge palepale barabarani bila kuingia kwenye zamu, zamu inabaki kwa wale wanaostahili kufikiriwa. Pillars of Eternity II ilitoka 2018 bila zamu, na mwaka uliofuata Obsidian wakaiongezea kama njia ya pili, uchague mwenyewe.

Ndipo tunafika Aprili 2025. Sandfall Interactive, studio ya Montpellier, Ufaransa, timu kuu ya watu kama 30, wakatoa Clair Obscur: Expedition 33. Zamu. Picha za kisasa kabisa, nyuso halisi, na menyu juu yake, na hakuna aliyeona ajabu. Nakala milioni moja kwa siku tatu, dola 50 wakati wakubwa wanadai 70. Desemba ikabeba gemu bora ya mwaka na rundo la tuzo nyingine.

Mngedhani kesi imeisha. Haijaisha, kwa sababu tayari naona fundisho lisilo lake linatolewa. Expedition 33 ina kukwepa na kukinga: adui akishambulia, unabonyeza kitufe kwa wakati kamili. Sasa kila mtu anasema, "Aah, hiyo ndiyo dawa, zamu imepona kwa sababu ya kukinga." Kwanza, si mpya. Super Mario RPG ilikupa faida ya kubonyeza kwa wakati mwaka wa 1996. Pili, Baldur's Gate 3 haina hiyo kitu. Persona haina. Star Rail haina. Tatu, na hapa mashabiki watanirushia mawe, kukinga ndiyo sehemu ninayoionea mashaka zaidi kwenye gemu hiyo. Ukiimudu kikamilifu hupigwi kabisa, na ukiwa hupigwi, uganga na ulinzi vinakosa kazi. Usipoimudu, bosi mmoja anafuta kikosi chako chote hata kama umekipanga kama mwalimu wa chesi. Tumerudi kwa vidole.

Kilichonifurahisha mimi ni kingine. Maelle anabadilisha mkao na kila mkao una kazi yake. Lune anakusanya rangi za uchawi mmoja ili azitumie kwa mwingine. Sciel anawabandika maadui utabiri, halafu anauvuna. Kila mtu kikosini ni fumbo tofauti, na mafumbo hayo yanaingiliana. Hicho ndicho Final Fantasy X ilikuwa nacho 2001 na XVI ikakitupa. Studio zikinakili kitufe cha kukinga na kuacha hicho, ndani ya miaka mitatu tutakuwa na gemu kumi za zamu zinazochosha, na mabosi watatoka tena kusema mnaona, vijana hawapendi zamu.

Pokémon nayo, Oktoba 2025, imejaribu papo kwa papo kwenye Legends: Z-A. Sawa, ni tawi la pembeni, wajaribu, hata napenda kwamba wamethubutu. Final Fantasy inayofuata nayo ikija na panga zinazowaka na shujaa mmoja, ije, pengine nitainunua. Ila siku ya kuitangaza, mtu akipanda jukwaani kueleza kwa nini zamu haimo, aseme ni yeye hakuitaka.